Mpiga Kelele wa Kwenye Memori

Kama umeambiwa kwamba watakukata koo ili upone, haya nakuandikia wewe. Wengine someni tu, hamkatazwi. Ila usinisome ukitegemea faraja. Faraja mimi nililetewa ya kutosha, nikakaribia kufa nayo. Waliniletea mistari ya Biblia, waliniletea maji ya upako, waliniletea habari za shangazi wa fulani aliyepona kwa mlonge. Aliyenishika mkono kwelikweli ni mtu mmoja nisiyemjua jina wala nchi, aliyekuwa anapiga kelele kama anachinjwa ndani ya simu yangu ya vitufe. Nitafika huko.

Mimi ni mtu wa Mandewa, Singida mjini. Mchana nilikuwa naendesha mashine ya kukamua alizeti, jioni nafundisha kwaya kanisani kwetu. Mtaa mzima uliniita Mwalimu ingawa chaki sijawahi kuishika. Nilikuwa naimba besi. Sikuwa mtu wa kusimama mbele na kipaza sauti. Kazi yangu ilikuwa kuandika noti kwa do-re-mi, kupanga sauti nne, na kuimba chini kabisa kule ambako hakuna anayekusikia mpaka siku usipokuwepo. Sauti ya besi ni kama chumvi kwenye mboga. Hakuna anayeisifia.

Ilianza msimu wa alizeti, upepo wetu unapokusanya vumbi lote la mkoa na kukuletea mlangoni. Sauti ikaanza kukwaruza. Nikasema ni vumbi la makapi. Mama Dina, mke wangu, naye akasema ni vumbi. Mwenyekiti wa kwaya akasema ni vumbi na pia ni shetani, kwa sababu tulikuwa tunajiandaa kwenda kurekodi. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali na ndimu, nikatafuna vitunguu saumu mpaka akina mama wa sauti ya kwanza wakawa wananikwepa. Zahanati wakanipa vidonge, vikaisha, wakanipa vingine vya rangi tofauti. Mvua za kwanza zilinikuta nanong'ona kama mtu mwenye siri, na tonge la ugali likipita kooni kama kokoto.

Hospitali ya mkoa wakaniandikia kwenda Dar es Salaam. Huko wakakata kinyama wakapima, na daktari mmoja kijana, mpole kupita kiasi, akaniita ndani. "Mzee," akasema, "ni saratani, ipo pale pale kwenye sauti." Mzee nani? Nilikuwa sijafika hata hamsini. Ajabu ya moyo wa binadamu: kilichoniuma dakika ile ni hilo neno mzee.

Jiandae na swali moja, maana utaulizwa na kila anayekuja kukuona: "Ulikuwa unavuta?" Sijawahi kuvuta sigara, wala ugoro sijaunusa. Nilipowajibu hivyo, nyuso zao zilianguka. Walitaka nivute, jamani! Walitaka kosa, ili warudi kwao walale usingizi, maana wao hawavuti. Mwisho nilichoka, nikawa nawajibu kwamba ndiyo, nilivuta sana. Mtu anakwenda zake ameridhika kabisa, na soda yangu amekunywa.

Nilipangiwa mionzi kwanza, wiki nyingi, kila siku ya kazi. Kabla ya safari Mama Dina alikwenda kwa Shabani, fundi simu wa sokoni anayerushia watu nyimbo kwenye memori, akamwambia aijaze injili tupu, pamoja na nyimbo za kwaya yetu. Shabani akachukua memori ya zamani iliyotoka kwenye simu aliyonunua kwa mtu, akapanga nyimbo zetu juu ya alivyovikuta humo, hakufuta kitu. Ndivyo anavyofanya kazi siku zote. Memori moja ya Shabani inaweza kuwa na kaswida, vichekesho na harusi ya watu usiowajua.

Ukumbi wa kungojea mionzi una mabenchi marefu na feni inayozunguka kama imelazimishwa. Mnakaa hapo watu wa mikoa yote, kila mmoja na shingo yake, titi lake, mguu wake. Hakuna anayeulizana mengi. Ndani wanakutengenezea kinyago cha plastiki kwa sura yako, wanakulaza, wanakibana mezani uso wako ukiwa ndani yake, halafu wote wanatoka na kukuacha peke yako na mashine. Haiumi. Kinachouma ni wiki zinazofuata, ngozi ya shingo inapobabuka kama muhogo wa kuchoma, mate yanapokauka, na kila chakula kinapokuwa na ladha ya senti.

Siku za mwanzo nilisikiliza kwaya yetu. Kosa kubwa. Waya ziko masikioni, wimbo niliouandika mwenyewe unaanza, na chini kabisa najisikia mimi, mzima, nikitembea na besi yangu kama mtu aliye shambani kwake. Machozi yalinitoka pale benchini kama mtoto. Nikabonyeza mbele. Wimbo mwingine wetu. Nikabonyeza tena, na tena, kwa hasira, mpaka injili ikaisha na yeye akaanza.

Nilidhani simu imeharibika. Magitaa mawili yaliyokwaruzana, ngoma kama mtu anayeshusha mabati kwenye lori, na juu yake sauti ya mwanamume anayepiga kelele. Haimbi. Anapiga kelele, kwa Kiingereza labda, na koo lake lilisikika limechanika kuliko langu. Nikaitoa simu mfukoni niizime. Hapo ndipo waya ikachomoka.

Ukumbi mzima ulimsikia. Aisee! Mama mmoja aliyekuwa anasinzia aliruka akamwita Yesu. Muuguzi akatoa kichwa mlangoni. Mimi navibonyeza vitufe vyote isipokuwa kile kinachotakiwa, naye mwenyewe ndiyo kwanza anachanganya. Nilipofanikiwa kumnyamazisha, ukumbi mzima ulikuwa umenigeukia.

Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu, kofia ya kiua kichwani na kitambaa shingoni kama changu, akasema kwa sauti yake iliyobaki, ambayo ilikuwa ya bata: "Huyo naye koo limekwisha. Mwambie apange foleni nyuma yetu."

Benchi zima likacheka. Watu ambao hawakuwa wamecheka tangu wafike Dar walicheka mpaka wakashika vidonda vyao.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia, nikiomba radhi.

"Marahaba. Hebu nipe waya moja."

Hivyo ndivyo nilivyojuana na Mzee Hamisi, mfuga nyuki wa Rungwa, kule mwisho kabisa wa mkoa wetu, kwenye pori la akiba. Alisikiliza wimbo mzima, macho ameyafumba, kisha akarudisha waya. "Hiki ni kishindo cha mzinga ukiufungua mchana bila moshi," akasema. "Kelele tupu ukiwa mbali. Ukisogea unasikia kila mmoja ana kazi yake."

Nikaanza kusogea. Nimefundisha kwaya nusu ya maisha yangu, na mkono wa mwalimu wa kwaya haupumziki. Ukisikia kitu unakiandika. Nilichukua karatasi, nikachora mistari, nikaanza kumwandika kwa do-re-mi. Nilishindwa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Gitaa la juu lilikuwa linapiga noti mbili tu, ti na do, zilizobanana kama ndugu wanaogombania mlango, na haliachi. La chini linapita kwingine kabisa. Nikahesabu mapigo: saba. Nani anapiga ngoma kwa saba? Nikahesabu upya, nikidhani ni mionzi imenichanganya. Saba, halafu tano, halafu saba tena. Kwenye wimbo wa saba kuna kitu kama bati linaloburuzwa kwenye sakafu, nikasema hapo sasa ni fujo, nimemkamata. Wapi! Lilikuwa linarudi kila mzunguko wa tatu, mahali pale pale, kama akina mama wanaoitikia.

Nitakueleza kwa nini kitu kile kilinishika, maana ndugu zangu hawajaelewa mpaka leo. Kelele za mlevi haziwezi kurudiwa sawasawa mara mbili. Hizi zilirudiwa. Watu wale walikaa mazoezini, wakakosea, wakarudia, wakakubaliana nani aingie lini, ili hasira isimwagike hovyo. Mimi nilikuwa na hasira tangu siku waliyokata kinyama na sikuwa na mahali pa kuiweka. Nani ungemkasirikia? Mungu hukatazwi, lakini kila ukijaribu kuna mtu pembeni anakuombea msamaha. Huyu bwana alikuwa amechukua hasira akaijengea nyumba, yenye vyumba, milango, na ngazi unayojikwaa makusudi. Nami nilikuwa nahitaji kuingia nikae.

Na ule wimbo wa nne. Unakwenda kwa vishindo, unapanda, unapanda, halafu kila kitu kinakatika. Kimya. Ndani ya kimya kile unamsikia anavuta pumzi, pumzi chafu yenye makwaruzo, mtu aliyekimbia mlima. Ungetegemea waingie pigo la saba. Hawaingii. Wanakuacha hapo na pumzi yake, unashindwa hata kumeza mate, ndipo wanaporudi na wewe umekata tamaa. Niliusikiliza wimbo ule ndani ya kichwa changu nikiwa nimebanwa kwenye kinyago. Maneno yake sikuelewa hata moja, na nilishukuru, maana wenye maneno yanayoeleweka wote walikuwa wananiambia nitulie.

Mionzi ikaisha, nikarudi Singida. Kwaya walikuja nyumbani kunipokea, wakaimba wimbo wangu, na anayeongoza kwa mkono mbele alikuwa kijana mwingine. Hawakuwa wamesubiri hata niambiwe nimeshindwa. "Ni kwa muda tu, Mwalimu," Mwenyekiti akasema, akinipigapiga bega. Kuanzia hapo nilimsikiliza mpiga kelele wangu kwa siri, waya masikioni, hata Mama Dina hakujua. Fikiria wewe mwenyewe: mwalimu wa kwaya, mgonjwa ambaye watu wanafunga na kumwombea, anasikiliza vile. Wangesema ndiyo maana.

Msimu wa upepo uliporudi, uvimbe nao ukarudi. Safari hii daktari hakuzunguka. Mionzi haiwezekani tena; wakate sanduku lote la sauti, nipumulie tundu shingoni maisha yangu yote. Nikikubali, nina nafasi nzuri. Nikikataa, uvimbe utaziba njia ya hewa.

Nilikataa. Nakueleza ili ukikataa usijione wa ajabu. Nilimwambia Mama Dina heri kufa na sauti yangu. Yeye akasema, "Baba Dina, mimi sikuolewa na besi." Tulinuniana wiki nzima ndani ya chumba kimoja. Alikuwa ananiwekea uji mezani bila neno, na mimi naunywa bila asante.

Mzee Hamisi alikuwa ameambiwa vile vile kama mimi. Yeye alikubali mara moja. "Nyuki hawanisikii hata sasa," aliniambia kwenye simu. "Ila nirine asali kwanza. Mizinga imejaa, na wanangu wakienda peke yao wataniulia makundi." Nikamwambia asichelewe. Akacheka kwa sauti yake ya bata. Simu iliyofuata kutoka Rungwa haikuwa yake. Kijana wake alisema baba alikosa hewa porini, chini ya mizinga, na hakukuwa na namna ya kumfikisha popote.

Nikakata simu nikaingia jikoni. "Niandalie nguo," nikamwambia Mama Dina. "Tunakwenda." Alikuwa anasonga ugali, aliendelea kusonga, ila mabega yake yalitikisika.

Kabla hatujaondoka nilipanda nyuma ya nyumba kwenye mawe makubwa, nikakaa mahali upepo haufiki, nikawasha kinasa sauti cha simu. Sauti yangu ilikuwa chakavu lakini ilikuwa yangu. Nilimwita mke wangu jina lake la usichana, Elizabeti, ambalo silitumii tangu Dina azaliwe. Nilinasa "marahaba", moja ya polepole na moja ya haraka, kwa ajili ya watoto wa mtaa wetu. Niliimba kwa Kinyaturu wimbo ambao bibi alikuwa anatubembelezea. Dina alikuwa chuoni Dodoma na ameshachumbiwa. Nikanasa maneno ya baba ya siku ya sendofu, yale ya kumkabidhi binti, na nilikwama na kuanza upya mpaka nikayafikisha mwisho. Baada ya hapo niliangalia kulia na kushoto, nikajaribu kupiga kelele kama yule bwana. Ilitoka mbaya sana, imechanika, na ilifaa kabisa. Yote yakaingia kwenye memori. Nilipanga nimpe Mama Dina nikishaamka, kama zawadi, ili asiseme nilimwachia kimya kitupu.

Asubuhi ya kukatwa nilimkabidhi simu mlangoni pa chumba cha upasuaji. Nikataka kumwambia. Muuguzi akasema twende mzee, wanasubiri. Tena mzee!

Niliamka na mirija. Mmoja puani wa kulishwa, mwingine pembeni ya shingo unaotoa damu, na katikati tundu linalopuliza hewa ya moto. Nilifungua mdomo kuita na hakikutoka kitu, hata mkwaruzo. Unajua umeambiwa, umeweka sahihi, lakini mwili haujaambiwa. Mwili unaendelea kuita. Siku ya pili nikaonyesha kwa mkono: simu. Mama Dina akanipa akitabasamu, amechoka, macho yamevimba. Nikatafuta nyimbo. Hakuna. Nikatafuta nilichonasa. Hakuna. Nikafungua mgongo wa simu kwa kucha. Kitundu cha memori kilikuwa kitupu.

"Usihangaike na hicho kitu," akasema Mama Dina. "Tumeshakimaliza." Akanieleza kwa fahari, kama mtu aliyeua nyoka ndani ya nyumba. Nilipokuwa ndani nakatwa, yeye alikuwa kwa mdogo wangu Mbagala, alitaka kumpigia Mwenyekiti kuuliza maombi yamefika wapi, akabonyeza vibaya, na simu ikaanza kulia sauti ya kuzimu. Simu ya mumewe! Saa ile ile ya kisu! Akampigia Mwenyekiti kwa simu ya mdogo wangu, akamsikilizisha. Mwenyekiti hakuuliza swali hata moja. Akasema hilo ndilo lililokuwa linamkaba koo Mwalimu muda wote huu, toa hiyo memori, choma, sisi huku tunakemea. Mama Dina akaitia kwenye jiko la mkaa, mdogo wangu akiimba pambio.

Kitandani walikuwa wameniachia karatasi na kalamu. Nikaandika: Sauti yangu ilikuwa humo.

Alisoma. Akasoma tena. Akaniuliza, "Sauti gani?" na mimi nikaandika vyote, kimoja kimoja, jina lake, marahaba, wimbo wa bibi, maneno ya Dina. Niliikandamiza kalamu kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Nilitaka kumfokea. Mungu wangu, nilitaka kumfokea mpaka madirisha ya wodi ile yapasuke, na kilichotoka kilikuwa makohozi kwenye tundu. Naye, huku analia, akachukua mpira wa kuvutia makohozi akanisafisha, kama alivyoelekezwa na muuguzi, taratibu, asiniumize. Hapo ndipo utanielewa. Mtu aliyekuchomea sauti ndiye anayekufanya upumue. Utamchukia vipi? Na utaachaje?

Nyumbani Singida nilijifunza mambo ambayo hakuna daktari aliyeniambia. Tundu lifunike kwa kitambaa chenye unyevu, hasa miezi ya upepo, la sivyo utakohoa vumbi la mji mzima. Harufu ya chakula sahau. Mashine ya alizeti niliiaga kwa sababu ya makapi. Kuna kifaa cha kuongelea, unakibana shingoni kinatetemeka. Nimekijaribu, nikasikika kama mashine yangu ikiwa haina mafuta, na sasa kinakaa kabatini. Labda wewe kitakufaa, usinifuate mimi.

Kitu kilichonimaliza ni shikamoo. Mtoto anasimama mbele yako, "Shikamoo, Mwalimu," na kusubiri. Anasubiri kwa sababu amefundishwa usiondoke kabla hujaitikiwa. Nikawa nawashika kichwa. Wengine walilikodolea macho tundu wakakimbia, na baada ya muda wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Kwa mama mkwe wangu, kule Ikungi, ilikuwa mbaya zaidi. Yule bibi haoni vizuri. Nilipiga magoti mbele yake kama inavyotakiwa, mdomo ukasema na sauti haikutoka, naye akauliza watu, "Mkwe wangu kaja au hajaja? Mbona hanisalimu?" Kila siku ya namna hiyo nilimtazama Mama Dina, naye aliangalia chini.

Sendofu ya Dina ilifika baada ya mavuno. Ukumbi ulipambwa, watu wakacheza mpaka viatu vikatupwa, na zamu ya baba mzazi ikafika. Mwenyekiti akasimama. Hakuna aliyemwomba, alisimama tu na kipaza sauti. "Mzazi mwenzetu," akasema, "Mungu amemnyamazisha kwa makusudi yake mema. Mimi nitasema kwa niaba." Na akasema. Alisema mambo ya utii na unyenyekevu, dakika nyingi, watu wakapiga vigelegele. Dina alikuwa ananiangalia mimi. Nami nilikaa pale na suti yangu na kitambaa changu shingoni, nikimsikiliza aliyeamuru maneno yangu yachomwe akimkabidhi binti yangu kwa wenyewe. Dunia ina uso mgumu.

Kesho yake nilikwenda kwa Shabani. Nilimwandikia kwenye kipande cha boksi: zile nyimbo za kelele, unazo bado? Alinitazama, akacheka, akafungua kompyuta yake yenye vumbi. Alikuwa nazo. Bila shaka alikuwa nazo, kila memori anayoishika huinakili humo, na Shabani hafuti kitu. Kumi na moja zote, hazina jina, zimeandikwa namba tu. Mimi niliyezaliwa Singida, niliyeimba Singida, siko popote. Mtu asiyejua hata Singida iko wapi yumo kwenye kompyuta ya sokoni, na koo lake zima.

Shabani akanirushia nyimbo zile kwenye memori nyingine, nikarudi nyumbani alasiri. Mama Dina alikuwa uani anaosha masufuria ya sherehe. Safari hii sikuvaa waya. Niliweka simu juu ya meza, nikaongeza mpaka mwisho, nikabonyeza.

Alikuja mbio na mikono ya povu, akasimama mlangoni. Alimtambua. Sijui mtu anaweza kuonekana vile mara ngapi maishani. Nilisubiri aizime, na nilikuwa tayari kumshika mkono. Hakuizima. Alifuta mikono kwenye kanga, akavuta kiti, akaketi mbele yangu. Mpiga kelele aliendelea, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akaja kwenye wa nne, wakapanda, wakakatika, na pumzi yake chafu ikajaa chumbani. Mama Dina aliinua uso akaliangalia tundu langu, ambalo lilikuwa linapumua vile vile.

Wakaingia tena kwa kishindo.

"Baba Dina," akasema, akipaza sauti ili nimsikie. "Anayepigiwa kelele hapa ni mimi, sivyo?"

Nikatikisa kichwa: ndiyo.

Akavua kanga ya begani, akaikunja, akaiweka mapajani na kuegemea kiti.

"Basi mwache amalize."

Alikaa mpaka wimbo wa kumi na moja. Ulipoisha alinyanyuka, akaenda kuchemsha maji, akarudi kunisafisha tundu.